Mafuta ya Tumbo Langu

Jumatatu, 17 Mei
Nimefungua bandeji, nimeosha, nimefunga tena. Mionzi niliyopigwa Kigali iliua saratani ya ziwa, ikaunguza na ngozi. Tangu hapo kidonda cha kifuani hakifungi. Kinanuka. Papa Aline, mume wangu, analala sebuleni. Eti joto. Joto gani, Goma hii ya baridi? Namchukia kidogo.
Kesho munganga, daktari wa lopitali, atanyonya mafuta tumboni mwangu, atayasafisha, atayachoma kwa sindano pembeni ya kidonda. Anasema yanaamsha ngozi iliyochoka. Sina hakika. Naenda tu.

Jumatano, 19 Mei
Imefanyika. Tumbo linauma kama nimepigwa teke na ng'ombe. Nimekatazwa kubeba mizigo na kukandamiza kifua. Mafuta yakikosa damu yanakufa. Situlii. Najichungulia kila mara.

Jumapili, 23 Mei
Jana jioni volkano ililipuka. Mbingu nyekundu. Moto ulishuka upande wa Munigi, ukasimama. Nyumba yetu ya mtaa wa Mapendo iko salama. Lakini ardhi inatikisika tu. Kila ikitikisika nashika kifua.

Alhamisi, 27 Mei
Tumeamriwa kuhama. Kwa miguu mpaka Sake. Papa Aline amebeba godoro, sufuria, vyote. Mimi mikono mitupu. Mama mmoja njiani akasema, "Mwanamke mzima, hata bidon ya maji hubebi?" Aibu.
Tuko kanisani. Watu wananong'ona kuhusu waasi wa milimani. Nyuma moto, mbele bunduki.

Ijumaa, 28 Mei
Bandeji imelowa. Lopitali ya hapa imejaa wagonjwa. Peke yangu siwezi.
Nikamwambia Papa Aline, "Unifunge wewe."
"Mimi? Nitakuumiza."
"Hakiumi kuliko ile sebule yako."
Akanawa mikono kwa sabuni, akanawa tena. Akafungua. Akaangalia, hakugeuza uso. Akaanza kulia. Nikamgombeza, machozi yasiniingie kidondani.

Jumatatu, 21 Juni
Tumerudi nyumbani. Munganga ameangalia leo. Upande wa chini kuna ngozi mpya, laini. Upande wa juu bado uko wazi. Mafuta ya huko yalikufa. Atarudia. Harufu imeisha.
Amesema nile, ninenepe, maana atahitaji mafuta mengine.
Mvua tangu mchana. Papa Aline amekaanga sambaza, dagaa wa ziwani. Sahani ni moja. Amezisukuma zote upande wangu.