Gitaa la Wimbo wa Tatu

Nashville, 6 Oktoba 1983

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mume wangu Garland, ambaye mpaka leo anakuita "Bwana Stovall" kwa woga. Sisi tu wazima, ila koo linanikwaruza kwa moshi wa baa tunazoimba. Goti lako je? Na yule ng'ombe mweupe ameshazaa? Nasikia mvua imewakosa tena huko Texas. Dada Opal amenipigia simu akasema umepungua, na kwamba maharage anayokupikia unayaacha nusu sahani. Opal si mtu wa kutia chumvi, kwa hiyo nimeona niandike.

Habari za santuri yetu unazijua nusu. Tulipoacha nyimbo za kanisani tukarekodi honki-tonki, muziki wa baa ulionilea mimi, tulijua tutasemwa. Tumesemwa. Mwandishi wa gazeti moja la hapa alisema mimi na Garland tunaimba ulevi kama watu waliousoma kwenye kijitabu cha zahanati. Akina mama wa kanisani kwetu wameirudisha santuri dukani, na mmoja wao aliirudisha imeshalika kwa sindano ya gramafoni, maana yake aliisikiliza vya kutosha kabla ya kukasirika. Lakini mtangazaji mmoja wa redio huko San Antonio ameupiga wimbo wetu wa tatu kila siku kwa wiki nzima, akisema huo ndio wimbo wa kuwanyanyua watu vitini.

Hata waliotuponda wamekubaliana juu ya jambo moja, Baba: gitaa la chuma, lile la kupigwa likiwa limelazwa, la wimbo huo wa tatu. Waliandika kwamba mkono wa mzee Vernon Stovall unawaonyesha watoto njia. Opal anasema umeikata habari hiyo ukaibandika kwenye friji, na kwamba kule kwenye duka la chakula cha mifugo siku hizi ukiingia tu wanakutania, "Mpisheni Nashville akae." Nilicheka naye kwenye simu. Moyoni nilikuwa naungua.

Jana Opal aliniambia mengine. Kwamba kila asubuhi baada ya kahawa unaiweka santuri, unakaa mbele ya gitaa lako, unairudisha sindano palepale, unautafuta ule mteremko wa noti kabla ya kiitikio, na huupati. Kwamba mwenye ukumbi wa dansi huko kwenu ameshabandika tangazo lenye jina lako pamoja na letu kwa Jumamosi ya wiki ijayo. Kwamba ulimwomba Opal akupeleke kwa daktari kimyakimya, daktari akakuchoresha saa ili apime kumbukumbu, akakuuliza rais ni nani, ukajibu yote sawasawa, na bado ukatoka hujaridhika. Ndani ya gari ukamwambia, "Kusahau jina la mtu ni uzee tu, Opal. Lakini nisahau kitu nilichokipiga kwa mkono wangu mwenyewe? Hapo nimekwisha, binti yangu. Na usimwambie Twyla."

Baba, hujasahau kitu. Mteremko ule hukuupiga wewe.

Siku ile ulipomaliza kurekodi nasi hapa ukapanda basi kurudi nyumbani, Hollis, aliyekuwa akitutengenezea santuri, alitukalisha tukasikiliza ulichopiga. Akasema mkono wako unatetemeka na unachelewa kufika kwenye noti, na kwamba anaye mpigaji wa kukodi atakayemaliza kazi kabla ya chakula cha mchana. Garland alitaka tukupigie simu kwanza. Mimi ndiye niliyekataa. Nikasema jina lako libaki kwenye jalada, kwa sababu najua santuri yoyote ukiishika unasoma kwanza majina ya wapigaji. Nilijiambia nakuhurumia. Si kweli. Nilikuonea aibu mbele ya Hollis. Nililitaka jina lako nikaukataa mkono wako, mkono uleule ulioninunulia viatu vya shule kwa kupiga dansi za Ijumaa. Kisha sifa zilipokuja nikanyamaza, maana ukiziondoa hizo, hakuna neno jema ambalo magazeti yalituandikia.

Ndani ya bahasha hii kuna kaseti. Ni wimbo wa tatu kama ulivyoupiga wewe. Mkono unatetemeka, ndiyo, na nimeusikiliza mara nyingi kuliko santuri yenyewe. Mwishoni mashine ilikuwa haijazimwa, na utajisikia ukisema, "Mama yako angeucheza huu, Twyla." Hata maneno hayo nilikubali yakatwe.

Jumamosi hiyo nitawaambia watu ukumbini ukweli huu kabla hatujaimba chochote, uwepo usiwepo. Sikuombi uje, wala sikuombi unisamehe kabla hujanikasirikia vya kutosha. Nakuomba tu kesho baada ya kahawa usiiweke ile santuri.

Mkumbatie Opal kwa ajili yangu, na umwambie alifanya vizuri kutokukutii. Garland anakuvulia kofia. Uyale maharage, Baba. Kichwa chako ni kizima, mwenye ugonjwa ni mimi.

Binti yako, kama bado waniita hivyo,

Twyla