Viazi Visivyo na Siagi

Kibombo, 4 Mei 1953

Nyanya yangu mpenzi,

Salamu nyingi toka kwetu. Miguu yako inaendeleaje? Sisi tuko, ila mume wangu Bruno tumbo bado linamchoma. Daktari amemkataza siagi na mawese.

Nyanya, tarehe 20 kamisio ya Wazungu itakuja hapa kutazama kama Bruno anastahili kadi ya évolué, ile ya watu weusi wanaoishi Kizungu. Wanachungulia choo, kitanda, hata sufuria. Nataka wakute mezani viazi vya Kizungu vya kuponda, laini, lakini visivyomuumiza Bruno. Vile vyako, ulikuwa unavipikaje?

Neno la pili linanipa taabu. Ulisema utakuja mwezi huu. Tafadhali ngoja kwanza. Wanataka watu wote wa nyumba wale mezani kwa uma, na wewe unakula kwenye mkeka.

Mjukuu wako,
Adèle

Kindu, 9 Mei 1953

Zawadi,

Hilo jina Adèle ulipewa na mapadri. Mimi njo nilimuzaa mama yako, nitakuita vile nilivyokuita. Uko muzima? Mimi miguu imevimba na mikono imechoka, lakini kuandika sijasahau.

Kikapu cha kuja kwenu nilikuwa nimekwisha kukifunga. Nimekifungua. Basi.

Sikia. Babu yako alipikia Wazungu wa meli miaka kumi na moja, siagi yao ikamuharibu ini. Njo nikamutengenezea hivi. Viazi chemsha vizima, na maganda yake. Usimenye kwanza! Menya vikiwa moto. Vidole vikiungua, hautakufa. Mbegu za maboga kaanga kavu, twanga sana, tia maji ya moto, chuja kwa kitambaa. Hayo njo maziwa yako. Ponda viazi, mimina kidogo kidogo, tia chumvi. Tumbo la bwana yako litanyamaza.

Mukeka wangu haujamuua muntu. Nimechoka, naishia hapa.

Nyanya yako,
Mwanvua

Kibombo, 2 Juni 1953

Nyanya yangu,

Habari za miguu? Nimechelewa kuandika, nilikuwa naona haya. Kamisio walikuja. Madamu mmoja alifunua sufuria, akaonja, akaongeza. Bruno naye anakula, tumbo limetulia. Kadi, wamesema tungoje.

Madamu aliuliza nani alinifundisha. Nilisema foyer, ile shule ya akina mama. Neno lilitoka lenyewe.

Sasa anataka niwaonyeshe wanawake wa foyer, Alhamisi tarehe 11. Nimejaribu kule mara mbili wakiwa wananitazama, viazi vinatoka kama gundi. Nyumbani vinatoka vizuri. Nimekosea wapi?

Mjukuu wako,
Adèle

Kindu, 6 Juni 1953

Zawadi,

Sijambo. Miguu usiiulize.

Kumbe foyer njo walikufundisha? Basi uliza foyer.

Mwanvua

Kibombo, 12 Juni 1953

Nyanya,

Sijui kama bado unataka salamu zangu. Nakusalimu hivyo hivyo.

Jana nilisimama mbele yao wote nikasema: “Si foyer. Ni nyanya yangu wa Kindu, anayekula kwa mkono, kwenye mkeka.” Madamu akaandika kitu katika daftari lake. Bruno amekasirika, anasema nimemtupia kadi yake mtoni. Na viazi vilitoka gundi tena. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu.

Mjukuu wako,
Zawadi

Kindu, 15 Juni 1953

Zawadi, mutoto wangu,

Salamu zako nimezipokea. Miguu inauma, lakini inatembea.

Sikuwa kule, ila nimekuona. Ulimenya kwanza, ukakatakata, vikanywa maji. Uliona haya kutia maganda yenye udongo kwenye sufuria ya foyer, mbele ya wale wanawake wenye viatu. Nyumbani hakuna anayekutazama, njo maana vinatoka vizuri. Kichwa chako kigumu kama cha mama yako.

Nimefunga kikapu tena. Jumamosi nitapanda treni. Bruno aje stesheni mwenyewe, mbegu za maboga ni nzito na mimi nimezeeka. Wakimunyima kadi juu ya mukeka wangu, nitamupa pole, halafu atakula.

Kiti usinitafutie. Fagia tu chini, karibu na meza.

Nyanya yako,
Mwanvua