Mtani wangu ameacha kunitania jicho

Mshauri mpendwa, shikamoo, naomba unisaidie kabla sijachekwa Usoke nzima. Mimi ni mkulima wa tumbaku, nina miaka hamsini na nane, sura sikujaliwa tangu mwanzo kwa hiyo hapo hakuna kilichoharibika, ila msimu huu jicho langu la kulia limetokeza nje na kope lake limelegea, na kwa kuwa ndilo ninalochungulia nalo kwenye tundu la bani, lile banda la kukaushia tumbaku, nione rangi ya majani, nikasema ni moto na moshi tu, mke wangu Levina akasema ni uzee, tukaelewana. Sasa nina mtani wangu, Nikolaus, Mgogo wa hapa stesheni, jicho lilipoanza aliniambia, "Wewe Mnyamwezi, limechoka kukaa na wewe, linahama," tukacheka sana. Juzi nikamwambia siku hizi jani moja naliona mawili, nikijua atasema nimetajirika, badala yake akasema, "Kaka, nenda hospitali." Hajawahi kuniita kaka. Mshauri, mtani ana ruhusa ya kusema lolote, huyu aliwahi kutangaza msibani kwamba marehemu anapumua, nikifunga safari hadi Tabora mjini ikawa ni utani wake nitaishi vipi? Au nisubiri kwanza tumalize kukausha?

Revocatus, Usoke

Marahaba, Revocatus. Umeniandikia habari za Nikolaus. Jicho umeligusia njiani tu.

Mimi si daktari, ila nilimuuliza daktari wa macho kabla ya kukujibu, na hakucheka. Moshi huwasha macho yote mawili. Hausukumi moja nje. Jicho la mtu mzima likitokeza, mara nyingi kuna kitu nyuma yake: huenda ni tezi ya shingo inayovimbisha nyama za nyuma ya jicho, au uvimbe, uambukizo, au mshipa wa damu. Hakijulikani kwa kuchungulia bani, wala kwa barua. Kinajulikana kwa kupimwa damu na kupigwa picha ya kichwa. Hilo la kuona mawili ndilo lililomtisha mtani wako, na ukizubaa utapofuka jicho hilo.

Nenda kesho. Beba picha yako ya zamani, hata ya harusi, daktari alinganishe. Usitie dawa ya mtu yeyote. Kichwa kikiuma ghafla au uoni ukififia, usingoje hata hiyo kesho. Bani mwachie Levina, ambaye nashuku rangi anazijua kuliko wewe.

Na kama kweli ni utani, waache wacheke. Wewe uwe unawaona tu.