Ampli ya Komanda

Jumatatu, 9 Oktoba 2000

Kazi ileile. Kusafisha miguu ya lampe, zile chupa za kioo zinazokuza sauti, kwa pombe kali na kitambaa, kuchomelea upya nyaya zilizoliwa na kutu. Ampli ya gitaa, ya wakati kila mtaa wa Kisangani ulikuwa na orchestre yake. Mbao zimeoza chini, mais ndani ni mali. Komanda wa kikosi kilichopiga kambi hapa aliileta Ijumaa. Anataka iimbe kwenye karamu yake. Askari wake mmoja amebaki kwenye mlango wa parcelle, kiwanja cha nyumba yetu: nisitoke mpaka niimalize. Leo siku ya nne. Béatrice, mke wangu, anaruhusiwa sokoni nusu saa, basi.

Tonton Liévin anakaa kwenye kiti, ananiangalia. Ndugu mdogo wa marehemu mama. Alipiga gitaa la solo miaka thelathini, vidole bado viko sawa, goti ndilo limekufa. Kwa ufundi ni sifuri. Ukimpa tournevis ya kufungulia skrubu atakorogea chai.

Jumanne, 10 Oktoba

Habari mbaya. Béatrice amesikia sokoni: kikosi cha komanda kinahamia upande wa Opala wiki hii. Kinabeba kila kitu, hata watu wa kazi. Mekanisyen mmoja jirani walimpandisha kwenye kamyo, lori lao, mwezi jana, na mpaka leo mke wake hajui kama yuko hai.

Donc siku ampli itaimba ndiyo siku nitaondoka. Nimeogopa.

Bado lampe mbili kubwa tu, zile za nguvu. Ninazo, nzima, kwenye kartoni yangu. Nimezizika ndani ya mkebe wa semoule, unga wa uji. Nikamwambia askari lampe zimekufa na za namna ile hazitengenezwi tena. Tonton aliniona. Alikohoa tu.

Jumatano, 11 Oktoba

Sikufanya kitu. Nilishika chuma cha kuchomelea bila moto, ili askari akichungulia anione ninainama.

Alhamisi, 12 Oktoba

Komanda amekuja mwenyewe. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliniogopesha. Tonton alisimama kumpa kiti. Komanda akakaa, akaniita papa, yaani baba.

«Papa fundi, batu banasema uko na lampe. Kesho saa kumi ninarudi. Kama haiimbi, nitajua unanichezea. Mutu wa kunichezea ninamupiga risasi hapa, mbele ya bibi yake.»

Akashukuru kwa maji ya kunywa. Akaenda.

Ikiimba, wananibeba. Isipoimba, ninakufa. Nimezunguka parcelle mchana wote, hatua ishirini kwenda, ishirini kurudi. Ukuta wa nyuma mimi na Béatrice tungeuruka. Tonton na goti lake, hapana. Nilifikiri kumwacha. Ninaandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilifikiri kwa muda mrefu, siyo kidogo.

Béatrice anatwanga lituma ya ndizi huku analia. Hakuna mtu aliyekula.

Ijumaa, 13 Oktoba

Asubuhi nimetoa lampe kwenye semoule. Bora kamyo kuliko risasi. Nimezifuta, nimezipachika, nimewasha. Zikaanza kuwa nyekundu polepole. Mungu anisamehe, nilifurahi. Kwa dakika moja nilisahau yote, nilikuwa fundi tu.

Karibu saa kumi niliingia chumbani kufunga nguo zangu kwenye mfuko. Niliporudi, tonton alikuwa amevaa kabuti yangu ya kazi. Amejipaka mafuta meusi mikononi. Tournevis mfukoni, gitaa lake kwenye goti. Nikamwambia avue. Akajibu nikae chini, mlango umeshafunguliwa.

Komanda akaingia. Tonton akapiga. Sauti ilijaa nyumba, mpaka askari wa mlangoni akaingia bila kuitwa.

Komanda akanipongeza. Tonton akamkata:

«Hapana, komanda. Huyu mutoto wa dada yangu lampe zilimushinda. Mimi ndiye nilimufundisha hii kazi, mimi ndiye nimeitengeneza. Yeye anashika taa tu.»

Komanda akanigeukia. Ni kweli?

Nikasema ndiyo.

Neno moja. Ningeweza kusema lingine, nafasi ilikuwepo. Sidhani komanda aliamini sana, mais mzee anayetengeneza na anayepiga ni faida mara mbili. Walimpandisha kwenye kamyo, wakimshika makwapa kwa sababu ya goti. Ampli ikafuata. Tonton alikuwa anawachekesha.

Jumamosi, 14 Oktoba

Askari hayupo mlangoni. Béatrice alisema Mungu asifiwe, halafu akafunika mdomo. Sikutoka nje. Hatua ishirini kwenda, ishirini kurudi.

Ninajichukia.

Jumapili, 15 Oktoba

Misa sikuenda. Asubuhi nilikuwa ninanawa uso, na jambo likanijia, nikabaki na maji mikononi.

Ampli ya lampe hata ukiizima inabaki na umeme ndani, kwenye kondansa. Inaweza kuua mtu. Lazima kwanza uutoe kwa waya, mkono mmoja nyuma ya mgongo. Mimi ninafanya bila kufikiri. Tonton aliniona nikifanya mara mia, sikuwahi kumweleza ni kwa nini. Njia ya Opala ni mashimo matupu, lampe italegea. Watamwambia: fundi, fungua.

Nilitoka. Barabarani nilimpata mtu wa toleka, amepakia chumvi kwenye baiskeli, anaelekea Opala. Amekubali kuwatafuta. Niliandika kwenye karatasi: Tonton, wakikuambia ufungue, sema vifaa vimebaki Kisangani. Usitie mkono ndani, hata ikiwa imezimwa, hata wakikasirika.

Nilitaka kuongeza kwamba ninakuja kuchukua nafasi yangu. Sikuandika, kwa sababu siendi.

Mtu wa toleka aliikunja, akaitia ndani ya kofia yake. Akauliza kamyo zina siku ngapi mbele yake. Nikamwambia mbili.