Tangi la Ijumaa

Baba,

Sikuandikii ili nikusifu. Sifa ulizipata za kutosha siku ya mazishi, na nusu yake zilisemwa na watu ambao hukutaka hata kuwapa lifti. Nakuandikia kwa sababu nimekasirika, na wewe ndiye mtu pekee ambaye sijamwambia. Wengine wote hapa Birongo wamenisikia.

Lori lako nusura likatwe likauzwe chuma chakavu. Umesikia? Lori lako.

Ulianguka Alhamisi jioni, kando ya gurudumu la mbele, kitambaa cha kufutia mafuta kikiwa bado mkononi. Ijumaa hakuna aliyejaza tangi. Nani angejaza? Mama alikuwa amekaa sakafuni, nami nilikuwa nazunguka na vikombe vya chai ambavyo hakuna aliyevitaka. Matanga yalipoanza, baba mdogo Omwenga akaja na mpira na mitungi, akanyonya dizeli karibu yote. Alisema vijana wa matangani wataiiba. Lori likakaa nyuma ya jikoni hivyo hivyo, tangi karibu tupu, mvua kila jioni na ile baridi ya usiku unayoijua, mpaka mambo yote ya kilio yakaisha.

Sasa nisikilize. Muda wote nilipokuwa utingo wako, kila Ijumaa kabla jua halijazama, ulijaza tangi mpaka juu. Hata tukiwa tumechoka. Hata kama safari ya Jumapili ilikuwa ya kwenda Suneka na kurudi. Na Jumapili asubuhi, kabla ya kuwasha, ulifungua kikombe kilicho chini ya filta, ukamwaga kidogo kwenye kopo kuukuu, ukatazama, ukafunga. Kopo hilo nililishika mimi. Nilipokuuliza ni la nini, ulisema, "Sabato ikute kila kitu kiko tayari." Basi! Nikadhani ni dini. Sote tulidhani ni dini. Akina mama wa ndizi kule Nyamache walikutania kwamba lori lako nalo lilibatizwa, na wewe ukacheka, ukawaacha waamini.

Kwa hiyo ulipokufa, dini ya tangi tukaizika nawe. Omwenga, ambaye ni Mkatoliki na hapendi usahau, alisema mbele ya watu, "Mzee alikuwa anajazanga hii tangi juu ya Sabato. Sasa Sabato inakunywa dizeli?" Watu wakacheka. Sabato ndiyo sababu pekee uliyotuachia, Baba, na haikuweza kumjibu.

Tuliporudi kazini lori lilikohoa. Likatoa moshi mweupe, likakosa nguvu hata kwenye tambarare. Omwenga akaenda Kisii mjini, dukani kwa vipuri, akarudi na chupa ya dawa ya kuweka kwenye dizeli, ina picha ya injini inayong'aa kama sufuria mpya. Alikuwa amefurahi sana. Muuzaji alimwambia, "Hii inamaliza maji, inamaliza uchafu, inarudisha nguvu. We weka tu." Akaweka. Lilipozidi kukohoa, akaweka tena. Kipimo kimeandikwa kwenye chupa, lakini Omwenga alipima kwa hasira zake.

Likazima kwenye mlima likiwa limejaa ndizi za watu. Mikungu ikaivia humo humo, ikaoza. Akina mama wakatafuta lori lingine, na siwalaumu hata kidogo, kwa sababu ndizi hazingoji mtu amalize kuomboleza. Wiki hiyo hiyo Omwenga akaleta wanunuzi wa chuma. Walilizunguka lori uani wakiligonga na nyundo, tong, tong, mmoja wao akiwa ameegemea mlango wako. Nilipanda nikakaa kwenye kiti chako, nikajifungia. Niliwatukana kwa Ekegusii, nikawatukana kwa Kiswahili, na Mama alikuwa mlangoni na hakunikanya. Mwishowe Omwenga akasema, "Haya, tengeneza wewe. Mwezi ukiisha kama haijawaka, inakatwa."

Fundi wa pampu alipoifungua, kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Kutu. Midomo ya nozeli zinazopulizia dizeli kwenye injini imelika. Akaniuliza bila hata kuinua kichwa, "Nani alikuwa analaza hii gari na tangi tupu kwa hii baridi yetu?"

Nikamuuliza tangi linahusiana vipi. Akanieleza huku akifungua skrubu, jambo dogo kabisa. Tangi likiwa tupu linajaa hewa. Usiku hewa ikipoa, chuma kinatoa jasho kwa ndani, jasho linashuka chini, dizeli inaelea juu yake. Tangi likiwa limejaa, jasho halina nafasi. Yale matone machache yanayobaki ndiyo unayoyamwaga asubuhi. Na ile dawa ya Omwenga kazi yake ni kuyachanganya maji na dizeli ili yapite yaungue yaishe. Kama ni matone, sawa. Yetu hayakuwa matone. Yalipita kwenye filta yakiwa yamejificha ndani ya mafuta, yakaenda kukaa kwenye pampu. Tena dawa hiyo ilikuwa na sabuni kali humo, ikabandua matope yote yaliyokuwa yamelala chini ya tangi tangu sijazaliwa, ikayasukuma kwenye filta kwa mara moja.

Ni hayo tu. Mtu aliyesimama na bisibisi mkononi aliyamaliza kabla chai yangu haijapoa. Tulikuwa na barabara yote ya Nyamache mpaka Nyamira, mimi na wewe, mara ngapi sijui! Ulinieleza habari za kwaya. Ulinieleza ni mke wa nani aligombana na nani. Ulinifundisha kugeuza lori mahali ambapo baiskeli ingesita. Maneno haya machache yalikushinda nini?

Nilikwenda mwenyewe kwa yule muuzaji wa Omwenga. Akanipangia chupa kwenye meza. Nikamwambia, kama fundi alivyonifundisha, lori letu ni la zamani, pampu yake inalainishwa na dizeli yenyewe, na dizeli ya siku hizi wameitoa salfa, haina utelezi wa ile ya zamani. Nataka ya kulainisha. Ya kusafisha sitaki, ya kuchanganya maji sitaki. Akanisukumia nyingine, "Madam, hii ndio watu wanachukua." Nikamwambia basi wachukue. Nikabeba ile ndogo ya kulainisha, isiyo na picha, na sikuifungua mpaka mimi na fundi tuliposhusha tangi, tukakwangua matope, tukaliosha, tukaweka filta mpya. Uliwafukuza wauza dawa wangapi pale stendi ya malori kwa sentensi moja? "Toa uchafu kwanza, halafu tuongee dawa." Nilikuwa naisikia sauti yako wakati wote nakwangua, na kwa siku hiyo moja nilikusamehe.

Halafu nikainua kiti chako kutafuta jeki.

Nimeziona, Baba. Chupa za kahawia ulizozifunga na gunia zisigongane. Zimeandikwa kifua, presha, mgongo, macho. Ni za yule muuza dawa wa spika pale sokoni Suneka, yule tuliyekuwa tukimcheka wote wawili. Nyingi zilikuwa tupu. Moja ilikuwa nusu.

Nikakaa chini kwenye matope. Nikakumbuka ulivyokuwa ukisimamisha lori katikati ya mlima na kuniambia, "Hebu shuka uangalie magurudumu." Nami nashuka, napiga kila gurudumu teke, narudi nakwambia yako sawa, nawe unajipangusa mdomo. Magurudumu hayakuwa na shida hata siku moja!

Wewe! Injini ya chuma uliikatalia chupa mpaka ifunguliwe ionekane ina nini. Kifua chako ukakipa chupa kifunge mdomo. Hospitali tulikuwa tunaipita kila safari, tena tunawapungia mikono walinzi. Ungesimama pale, lori ningeegesha mimi. Ungesema tu. Ulilinyamazia tangi, ukakinyamazia kifua, na sisi tukabaki na tabasamu lako tukidhani ndiyo afya. Ninakupenda na nina hasira na wewe kiasi kwamba nikipita kaburini natembea haraka.

Mama anasema hakujua, na ninamwamini. Nilipomwonyesha zile chupa alizishika moja moja, akanuna kama vile anavyonuna ukichelewa chakula. Kisha akaniambia mguu wake unamuuma tangu zamani. Kesho yake tukawa kwenye foleni ya hospitali, yeye analalamika, mimi nimemshika mkono asitoroke.

Lori limewaka, Baba. Mara ya kwanza likatema moshi, likazima. Omwenga akatazama pembeni. Mara ya pili likaguna, likatulia kwenye mlio ule ule wa kwako, na Omwenga akavua kofia. Alisema yuko na vumbi kwa macho. Kesho kutwa napeleka ndizi. Si akina mama wote waliorudi, lakini waliorudi wananitosha kujaza nusu.

Leo ni Ijumaa. Nimejaza tangi mpaka juu na kipimo cha dawa ya kulainisha kimeingia. Omwenga alikuja akasimama, akauliza, "Na wewe umeshika Sabato ya mzee?" Nikamwambia Sabato naishika kanisani, hapa nashika maji yasiingie. Nikamweleza yote, jasho la chuma, kikombe, pampu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Na kwa nini hakusema?" Kwa swali hilo ndiyo maana nimechukua kalamu.

Basi kalale, mzee wangu. Hasira yangu nitaendelea kuibeba, ni nyepesi kuliko ndizi. Ninakuahidi mambo mawili. Yeyote atakayeshika kopo lile Jumapili asubuhi, nitamwambia ni la nini kabla hajauliza. Na siku kifua changu kitakaponiuma mlimani, nitasimamisha lori, na sitamtuma mtu magurudumu. Nitasema.

Binti yako na utingo wako,
Nyaboke