Kiatu cha Kushoto

4 Machi

Kwako Swahiba,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila magoti, na hayo unazijua tabia zake. Wewe hujambo? Binti yako na wanawe je?

Mtangazaji wa redio kanijia hapa chumbani, juu ya duka la viatu. Anataka kipindi kizima juu ya bendi yetu, tangu tulipoanza kupiga roki kwenye kumbi za shule miaka ya sitini mpaka tulipovunjika. Vibao vyote anavijua: “Taa ya Jikoni”, “Usifunge Dirisha”, na kile kilichotupa jina, “Rudi Kesho”. Anataka tuvipige tena studioni. Nikamwambia mwimbaji na yule wa besi walishatutangulia, tumebaki wewe na mimi. Akasema gitaa na dramu vinatosha.

Njoo. Tangu mke wangu afariki siongei na mtu ila fundi viatu wa hapo chini, naye hapendi muziki.

Ndugu yako,
Kishindo

2 Aprili

Swahiba,

Habari za siku nyingi? Natumaini ukimya huu ni uvivu wako tu, si homa.

Mtangazaji ananiambia wataalamu wameandika kwamba dramu kuanza peke yake kwenye “Rudi Kesho” yalikuwa mapinduzi. Niliuma ulimi nisicheke. Unakumbuka kila tukirekodi fundi mitambo alivyonitupa koridoni karibu na choo, eti dramu yangu inawameza wenzangu? Mlango ukaachwa wazi kidogo, nikawa naona kiatu chako cha kushoto basi. Kikigonga sakafu mara mbili, naingia. Siku ya “Rudi Kesho” kikagonga, nikaingia kwa nguvu zote, kumbe mwenzangu unaua mende. Mkanda wa kurudia hatukuwa nao. Watu wakacheza mende wako mpaka viatu vikaisha soli.

Nimwambie, au utakuja kumwambia mwenyewe? Kama umenikasirikia, andika unitukane. Nitafurahi kuuona mwandiko wako.

Ndugu yako,
Kishindo

11 Mei

Swahiba,

Sijui kama u mzima, lakini nakusalimu.

Kipindi kimepita bila wewe. Walinipa dramu mpya, safi, na kiti cha kuzunguka. Mtangazaji akanipa ishara nianze, fimbo zikabaki hewani. Nilikuwa naangalia sakafu. Miaka yote ile sikuwahi kujianzishia wimbo hata mmoja, na sikulijua hilo mpaka jana. Wakaniondolea aibu kwa kuweka santuri.

Nilirudi nikakaa kitandani na koti mwilini. Nina upweke, Swahiba, sina jina lingine la kuupa. Sitakusumbua tena.

Ndugu yako,
Kishindo

30 Mei

Shikamoo Baba Mdogo,

Wanangu hawajambo, nami naendelea. Nisamehe kwa ukimya. Baba alipata kiharusi mwezi wa pili. Haongei, na upande wa kulia umelala kabisa. Barua zako niliziweka kando yake bila kuzifungua, nikingoja apone akujibu mwenyewe. Hajapona.

Juzi nimezifungua, nikamsomea. Daktari hana hakika kama anaelewa. Nilipofika pale uliposema fimbo zilibaki hewani, mguu wake wa kushoto ukagonga ubao wa kitanda, mara mbili. Nikarudia kusoma, akagonga tena. Habari ya kiatu nilikuwa nimeshaisoma, ndiyo maana naogopa kujidanganya. Huenda ni misuli tu inayoshtuka. Wewe ndiye uliyeujua mguu huo, niambie.

Mwanao

4 Juni

Marahaba mwanangu,

Pole sana, na pole kwa kubeba yote hayo peke yako. Nami nilikuwa nimemnunia mgonjwa. Hilo nitamwomba radhi mwenyewe.

Huenda ni misuli. Huenda ni mende. Hata enzi zile sikuwahi kuona tofauti, na niliingia vilevile. Nakuja na basi la Jumamosi. Fimbo ninazo, dramu usihangaike, nipe kiti kikuukuu cha mbao. Kitanda kielekee mlangoni, mlango uwe wazi kidogo, na blanketi lisifunike ule mguu.

Mimi nitakaa koridoni.

Baba yako Mdogo