Usiitupe Sensa Bado

Mjukuu wangu Muthama,

Hapa Kathonzweni tuko salama. Kunde zimekubali mwaka huu, na babu yako bado anabishana na mbuzi zake. Unauliza kama ununue sensa mpya ya oksijeni, hiyo inayopima hewa kwenye moshi wa injini, kwa sababu gari yako inakula mafuta. Ngoja nikuambie ya gari yetu.

Ilikuwa siku moja miaka ya tisini. Kesho yake ilikuwa harusi ya shangazi yako, na gari ya kumbeba ilikuwa inatoa moshi mweusi. Na gauni jeupe! Tukakimbia kwa fundi Emali. Aliacha injini ipate moto, akaunga mita kwenye waya wa sensa, akanipa nishike. Mshale ulitakiwa uchezecheze juu na chini, lakini ulikwama juu.

"Hiyo imekufa," babu yako akasema. "Toa, weka ingine."

"Pole pole, mzee." Fundi akachomoa mpira mdogo wa kupitisha hewa ili injini ivute hewa zaidi. Mshale ukaanguka papo hapo! "Iko hai. Inatuambia tu mafuta ni mengi, hewa ni kidogo."

Akafungua boksi ya kichungi cha hewa. Ndani kulikuwa na leso yangu ya maua mekundu, niliyoitafuta kiangazi chote! Babu yako alikuwa amefunika kichungi nayo, eti vumbi ya huku isiingie. Fundi akaitoa, moshi ukaisha. Nilicheka mpaka nikashikilia boneti.

Harusini niliivaa hivyo hivyo ikinuka petroli, nikacheza kuliko wote.

Kwa hivyo kabla hujanunua sensa, fungua boksi ya hewa. Na umuulize mke wako kama kuna leso imepotea.

Ni mimi, susu yako.